Tiba ya kufuata kidole kwa macho: inatibu kweli au ni changa la macho?

MamaWawili_Moro

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie maana mie hapa nilipo nimechoka. Mume wangu alikua utingo wa lori la mizigo, mwaka juzi mwezi wa 11 wakapata ajali wakishuka Kitonga, breki zikakataa, dereva akafa palepale pembeni yake, yeye katoka na mbavu mbili na mkono. Mifupa imeunga vizuri tu, kichwa wamepima kiko salama. Ila yule mtu niliyeolewa nae hajarudi mpaka leo. Lori likipita likitoa ile pshiii ya breki za upepo anaruka kama kapigwa shoti, akinusa dizeli anatapika, usiku anaamka anapiga kelele "gia, rudisha gia" watoto wanaamka wanalia nae analia. Gari hapandi, bodaboda hapandi, anatembea kwa mguu toka Kihonda mpaka Msamvu jua kali hilo na kurudi.

Hospitali alipewa vidonge vya usingizi, vinamlaza kweli ila akiamka yuko vilevile na siku hizi anataka viwili badala ya kimoja. Kanisani tumeombewa. Mama mkwe akatupeleka kwa mzee mmoja huko Matombo akasema marehemu dereva hajaagwa vizuri ndo anamfuata, kuku wawili na laki moja vikaenda, hamna kitu.

Sasa binamu yangu aliyeko Nairobi kaniambia kuna tiba inaitwa EMDR, mtu anakaa kwenye kiti, mtaalamu anapitisha vidole mbele ya macho kushoto kulia kushoto kulia, mgonjwa anavifuata kwa macho huku anawaza lile tukio, baada ya muda linapoa. Nikaangalia video, kweli bwana, mama mtu mzima anapunga vidole kama anafukuza nzi kwenye samaki. Nikacheka, halafu nikalia. Jamani kidole kinamponyaje mtu? Kuna yeyote humu kafanyiwa? Sitaki kumpeleka sehemu ya nne kisha irudi ileile, atakata tamaa kabisa.

Mzee_wa_Data

Dada pole sana kwa yaliyowakuta.

Ila kama kupeleka macho kushoto kulia kunatibu basi mashabiki wa tenisi wangekua watu wenye afya ya akili kuliko wote duniani 😂😂 Hii ndo ileile Prince Harry 2021 alionekana kwenye kamera kakunja mikono kifuani anajigongagonga mabega. Yule ana hela ya kuchezea, wewe una watoto wawili. Nionavyo mimi hayo ni mazingaombwe yaliyovaa koti jeupe. Mpe muda, atakaa sawa.

Nesi_Ughaibuni

Mzee wa Data cheka tu, mimi nilicheka kabla yako, halafu nikaenda kukifuata hicho kidole mara kumi na moja.

Dada Mama Wawili mimi ni nesi, mtu wa Tanga, nipo Leeds Uingereza mwaka wa kumi na tatu huu. 2020 Korona ilipoingia nilikua wodi ya wagonjwa mahututi. Ndugu hawaruhusiwi kuingia, kwahiyo kazi ya kuwashikia wagonjwa tableti wakaagane na familia zao ilikua yetu. Sisemi zaidi ya hapo. Nikamaliza ule msimu nikajiona mzima kabisa, nikafanya kazi mwaka mzima. Siku moja nimepanga foleni dukani nalipia maziwa, ile mashine ya kulipia ikapiga bip, bip, bip, nikajikuta nimeganda, mikono haishiki, nimejikojolea. Mtu mzima mimi. Ile bip ilikua sawasawa na ya mashine za wodini. Kwahiyo mumeo akiruka kwa breki za lori mie namuelewa, sio woga huo na sio marehemu anamfuata.

Daktari akaniandikia nikasubiri foleni ndefu mpaka nikapata mtaalamu wa EMDR. Vikao viwili vya kwanza hata kidole sikukiona, nikasema hapa nimepigwa. Kumbe alikua anachukua historia yangu yote na kunifundisha jinsi ya kujituliza. Alinambia nichague sehemu moja akilini ambayo nikiiwaza nafsi inatulia, nikachagua baraza ya bibi yangu Pangani jioni kivuko kinavuka. Na alinionyesha nikiinua mkono tu anaacha hapohapo, haulizi kwanini.

Kikao cha tatu ndo kazi ikaanza. Kwanza unachagua picha moja, ile mbaya kuliko zote. Halafu unatafuta sentensi ambayo ile picha inakusemea kuhusu wewe mwenyewe, yangu ilikua "nimewaacha wafe peke yao". Na nyingine ambayo ungependa kuiamini badala yake. Unaulizwa hiyo picha inakuuma kiasi gani toka sifuri mpaka kumi, nikasema tisa, na unaisikia wapi mwilini, nikasema kooni. Basi anaanza kupitisha vidole, nusu dakika hivi, anasimama, "vuta pumzi, umepata nini?", unasema neno moja mawili, anasema "endelea na hilo", vidole tena. Hakuna mahubiri, hakuna kukwambia usilie.

Sasa kilichonishangaza ni kwamba akili haikai pale ulipoiweka. Nimeanza wodini, mara nikajikuta niko kwenye mazishi ya baba yangu, ambayo sikwenda! Alifariki 2014 sikua na nauli wala karatasi za kusafiria, nikaagana nae kwenye simu. Nililia siku ile kilio cha msiba wa miaka, na yule mama hata sikumueleza habari yenyewe, nilimwambia "baba" akasema endelea na hilo. Nikatoka pale tisa imekua sita. Usiku nikaota ndoto za ajabu mfululizo, alikua keshanionya. Wiki iliyofuata ikawa nne, wiki nyingine ikapanda tena ikawa saba nikataka kuacha. Mwisho wake ikabaki moja.

Sijasahau kitu. Sura zao ninazo. Ila sasa ni kama taarifa ya habari ya jana, unaisikia, inasikitisha, na chakula unaendelea kula. Na dukani nalipia maziwa.

Kaunsela_wa_Eldoret

Pole sana dadangu. Mimi ni kaunsela huku Eldoret, nilianza kazi wakati tulikua bado tunashughulika na watu wa ile fujo ya uchaguzi ya 2007/08, kwa hivyo watu wa kuruka wakisikia kelele nimekaa nao sana. Mwenye ametangulia hapo ameeleza vizuri, wacha mimi niongeze zile sehemu hua zinaachwa.

Hii tiba ilianzishwa na Mmarekani anaitwa Francine Shapiro. Mwaka wa 1987 alikua akitembea kwa bustani huko California, mawazo fulani mabaya yanamsumbua, akaona macho yake yanaenda huku na huku haraka haraka na yale mawazo yanapoteza makali. Akaanza kujaribu na marafiki, kisha na watu walioteseka, wengine wanajeshi wa vita vya Vietnam, akachapisha utafiti wake wa kwanza 1989. Watu walimcheka kuliko Mzee wa Data. Alifariki 2019 na wakati huo Shirika la Afya Duniani lilikua tayari, tangu 2013, limeiweka hii kitu katika mwongozo wake kama moja ya tiba mbili za kupendekezwa kwa wenye PTSD, yaani huo ugonjwa wa akili kubaki kwa tukio la kutisha, watu wazima na watoto. Uingereza pia wanaitoa kwa hospitali za serikali. Wamarekani wa chama cha wanasaikolojia walikua baridi kidogo 2017, wakaipendekeza kwa masharti. Kwa hivyo hio sio ya vichochoroni.

Sasa kidole kinafanya nini. Kumbukumbu ya kawaida huzeeka, hata ya matanga huzeeka. Hii ya ajali haizeeki, kila ikija inakuja na mwili wake wote, jasho, moyo, harufu ya dizeli, mumeo hakumbuki Kitonga, mumeo yuko Kitonga. Wataalamu wa chuo kikuu cha Utrecht huko Uholanzi, kina Marcel van den Hout, wamepima sana hii mambo na maelezo yao ndio mimi naona yanaingia akilini. Chukulia ni jiko moja la makaa na uko na sufuria mbili. Ukiweka zote mbili hakuna itachemka vile inafaa. Kuikumbuka ajali vile ilivyokua kunataka moto wote wa akili, na kufuata kidole pia kunataka moto, basi ile picha inabaki vuguvugu. Na kumbukumbu ukishaitoa ikawa vuguvugu, hata kuirudisha unairudisha ikiwa vuguvugu. Unarudia hivyo hadi inazoea kupoa.

Kwa hivyo macho yenyewe hayana uchawi. Hao hao Waholanzi walikuta kuhesabu kwa kurudi nyuma pia kunapunguza makali, ama kucheza gemu ya Tetris. Kuna maelezo mengine pia, wengine wanasema inafanana na vile macho hukimbia ukiwa kwa ndoto. Na mwaka huo wa 2019 Wakorea walichapisha kwa jarida la Nature utafiti wa panya, waliwatisha panya kwa mlio, kisha wakawawekea taa inasonga kushoto kulia wakati wa kuwazoesha ule mlio, wale panya woga ukaisha na haukurudi haraka kama wa wenzao. Panya ni panya, siwezi kuapa nao, lakini angalau hakuna mtu atasema panya alikua anaamini.

Dada, kabla ya kulipa mtu wa vidole, mpeleke kwanza kwa daktari wa akili ama mwanasaikolojia amchunguze mzima mzima. Mwambie kama ana kifafa, kama macho yana shida, kama anakunywa pombe ili alale. Muulize pia mumeo kwa upole kama hua anafikiria kujiua. Usiogope, kumuuliza hakumpi wazo. Na hivyo vidonge ambavyo anataka viwili, msivikate ghafla, rudini kwa aliyewapa apunguze pole pole.

Mzee_wa_Data

Sawa nimetoka kusoma kidogo. Nafuta neno mazingaombwe, lakini sifuti swali. Kuna profesa wa Harvard, Richard McNally, hoja yake zamani ilikua kwamba kinachofanya kazi kwenye EMDR sio kipya na kilicho kipya hakifanyi kazi. Yaani kinachotibu ni kukaa na mtu anayejua kazi ukakabiliana na kile unachokikimbia, tiba za mazungumzo zilikua zinafanya hivyo toka zamani, kidole ni kachumbari tu. Kuna uchambuzi wa 2001 ulijumlisha tafiti ukakuta kuwe na macho kusiwe na macho matokeo yanalingana. Sasa Kaunsela, na wewe unakiri hata Tetris inapoza. Mbona tunalipia kidole bei ya daktari?

Kaunsela_wa_Eldoret

Swali zuri na sitalikwepa. Ule wa 2001 ni kweli upo. 2013 ukatoka mwingine, wa Lee na Cuijpers, nao ukakuta macho yanaongeza kitu. Wataalamu bado wanavutana. Kile hawavutaniani ni kwamba waliofanyiwa hupata nafuu kuliko waliowekwa kwa foleni ya kungoja, na wakilinganishwa na wa tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe wanakaribiana.

Na bei hulipii kidole. Unalipia mtu anayejua kusimama. Nimeona kijana aliyejaribu peke yake na video ya mtandaoni, ile ya kampira kanaenda huku na huku, akafungua mambo ya utotoni saa nne usiku akiwa peke yake kwa nyumba, tulimpata asubuhi hajui ni siku gani. Kufungua ni rahisi. Shida ni kufunga, na ndio sababu hii tiba imegawanywa hatua nane na vidole viko katikati tu, mbele yake kuna kutayarisha na nyuma yake kuna kukagua mwili, kufunga, na kikao kinachofuata kuangalia kama kimeshika.

Pia sitaki dada afikirie ni EMDR ama kifo. Kama haipatikani karibu, kuna zingine zimejaribiwa hapa hapa kwetu. Moshi na Bungoma walichukua watoto 640 waliofiwa na wazazi, wakawafanyia ile ya mazungumzo kwa vikundi, na waliotoa sio madaktari, ni watu wa kawaida wa mtaa waliofunzwa na kusimamiwa. Matokeo yakatoka 2020, sehemu nyingi watoto walipata nafuu wazi. Na kambi ya Nakivale Uganda wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwatibu wenzao kwa ile ya kusimulia maisha, unalaza kamba chini, kila jambo zuri la maisha yako unaweka ua, kila baya unaweka jiwe, kisha mnatembea nayo yote toka kuzaliwa, jiwe kwa jiwe. Mimi binafsi naipenda hio kuliko ya vidole, wazee wetu wanaielewa mara moja. Lakini inataka mtu anayekubali kusema, na dada hujatuambia kama mumeo husema.

Fizi_mpaka_Iowa

Jambo wandugu. Nimesoma yote na nikaona niandike, mimi siandikake sana.

Mi niko Mubembe wa Fizi, nimekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka 14, sasa niko Amerika jimbo la Iowa na bibi na watoto. Kitu kilitupata Kongo sitasema hapa. Nilifika huku nikapewa mtu wa kunitibu akili, muzungu, na mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Anasema eleza. Mimi nasikia sauti ya mkalimani najua huyu ni mutu wa kwetu, na kwetu ni kadogo, kesho atanikuta kanisani. Nitaeleza namna gani? Nilienda mara tatu, mara tatu nikasema ninalala vizuri, asante.

Kisha wakanibadilisha kwa mwanamke wa EMDR. Yeye akasema haitaji kujua yote. Nikae na picha yangu ndani yangu, nimpe namba tu. Huyo hakutumia kidole juu macho yangu yanaumaka, alinipa vidude viwili vidogo, kimoja kila mkono, vinatetema kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mkalimani alikua anasema "vuta pumzi" na "endelea", basi. Mi nalia kwa Kibembe ndani ya roho, hakuna mutu wa kutafsiri ile.

Nisiwadanganye, mara ya kwanza nilitoka mbaya kuliko nilivyoingia. Siku tatu sikula. Nikaacha miezi miwili. Nilirudi juu ya bibi yangu, alisema wewe unarudi ama mimi naenda kwa dada yangu Texas. Ile mara ya pili yule mwanamke akaanza na vitu vidogo, hakuanza na ile siku. Tulifanya karibu mwaka. Kwa mutu ambaye kitu kilimpata mara moja nasikia ni haraka, kwa sisi ambao ni miaka na miaka haikuwake haraka. Leo ninalala masaa tano, sita kwa usiku. Mulango nafunga mara moja, zamani nilikua naamka kuangalia kufuli mara kumi kwa usiku.

Dada, kama bwana yako hasemi, hii ni dawa ya watu hawasemi.

MamaWawili_Moro

Kaka wa Iowa umeniliza asubuhi asubuhi. Mungu akutunze wewe na shemeji.

Kaunsela umeuliza kama husema. Hasemi. Mwaka mzima na nusu sijamsikia akihadithia ile siku, ninachojua nimekisikia kwa askari wa barabarani na kwa yale anayopiga kelele usiku. Jana ndo nimemuuliza lile swali la kujiua, mikono inanitetemeka, akasema hapana ila mara nyingine anatamani angekua upande ule wa dereva. Halafu akasema neno ambalo sijawahi kulisikia, kwamba pale juu kabla hawajaanza kushuka marehemu alitaka kusimama apoze breki, yeye akamwambia twende tu tutalala Mikumi.

Mwaka na nusu kumbe amebeba hilo.

Sasa mama mkwe kasikia habari ya vidole kaja juu, anasema hiyo ni kupumbazwa, mwanae atachezewa akili ageuzwe. Na je inafanyika kwa simu? Maana kuna mama mmoja nimeelekezwa yuko Dar, Upanga, kasomea, lakini nitamfikishaje Dar mtu ambaye bajaji haiwezi?

Nesi_Ughaibuni

Umefanya vizuri sana kumuuliza dada yangu, na jibu lake mwambie huyo mtaalamu neno kwa neno siku ya kwanza.

Hilo la "twende tu" ndo sentensi yake, kama mie nilivyokua na yangu. Usimbishie. Najua unatamani kumwambia sio kosa lako, kila mtu alinambia mimi hivyo na haikuingia hata kidogo, ilikua inagonga sikio inadondoka. Kwenye kile kiti nilifika mwenyewe, katikati ya vidole nikasikia tu nasema kwa sauti "mikono yangu ilikua ya joto", maana ndo nilikua nimewashika. Hakuna aliyenifundisha.

Mama mkwe mwambie huku sio kupumbazwa, hapa mtu yuko macho wakati wote, anajua yuko wapi, akiinua mkono kazi inasimama. Hata yeye akitaka aende akae nje ya mlango. Na maombi hayakatazwi, mimi nilikua naswali rakaa mbili kabla ya kila kikao.

Kwa simu au kompyuta inawezekana, wakati wa Korona wengi walifanya hivyo, kidoti kinatembea kwenye kioo au unajigonga mwenyewe magoti. Lakini kwa mtu anayeamka anapiga kelele, na nyumba yenyewe ina watoto, mimi ningependa vikao vya mwanzo awe chumba kimoja na mtaalamu.

Kaunsela_wa_Eldoret

Naunga mkono. Huyo mama wa Upanga muulize alifunzwa EMDR na nani, nani anamsimamia, na ataanza na nini. Akisema ataanza vidole siku hio hio, ama siku moja mtu amepona, wewe chukua kibeti chako.

Katikati ya vikao kuna kitu anaweza kufanya nyumbani, ni kile Mzee wa Data alikicheka cha Prince Harry. Kilitoka Mexico, kimbunga Pauline kilipiga Acapulco 1997 na mama anaitwa Lucina Artigas alikua akisaidia watoto pale, watoto wengi, yeye vidole kumi tu, akawafundisha wakunje mikono kifuani kila mtoto ajigonge mwenyewe mabega kwa zamu kama kipepeo anapiga mabawa. Afanye pole pole akiwaza ile sehemu yake ya utulivu. Ya utulivu, sio Kitonga. Kitonga ingoje mwenye kazi yake.

Mzee_wa_Data

Nimekubali. Hiyo ya Dar mbona jibu mnalo hapo mlangoni, SGR. Haiendi barabarani, haina breki za pshiii za malori, Moro Dar ni chini ya saa mbili. Nauli ya kwenda nachangia mimi, niandikie inbox, na usinishukuru humu.

MamaWawili_Moro

Wakuu narudi kuwapa mrejesho. Yule mama wa Upanga nimeongea nae, kaniuliza maswali nusu saa nzima kabla hajataja hela, kasema vikao vitatu vya mwanzo ni kuongea na kujifunza kutulia tu, na anataka kwanza barua ya daktari kuhusu vidonge. Tumepata jana.

Jana usiku nimempa mume wangu simu asome uzi wote, kasoma taratibu, ya kaka wa Iowa kairudia. Hakusema kitu. Nikadhani ndo imeisha hivyo. Tumeshazima taa ananiuliza, hiyo treni inatumia dizeli? Nikamwambia umeme. Akakaa kimya muda, kisha akasema siti yake isiwe dirishani, na kutoka stesheni mpaka Upanga tutatembea.

Ni Jumanne, treni ya asubuhi.